Vikundi vya kufa na kuzikana vianze kazi kabla ya turubai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu wa vikundi vya kufa na kuzikana hapa Dar es Salaam. Mimi ni mweka hazina wa kimojawapo, huku Tabata, na nimechoka kuona daftari langu likifunguliwa siku ya msiba tu.

Mtu akifariki mtaani kwetu, kasi ile sijui huwa tunaitoa wapi. Jua halijazama, turubai limeshafungwa, viti vimeshushwa, kundi la WhatsApp limefunguliwa na mtu wa kupokea michango ameshapatikana. Jeneza, sanda, Coaster ya kwenda makaburini, mchele, maji ya chupa, vyote vinapatikana na pesa inabaki. Sina ugomvi na hilo. Lakini marehemu huyohuyo alilala ndani miezi mingapi, na nani alikuwa akimuuguza?

Mwaka jana tulimzika mama mmoja aliyekuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Aliporudishwa nyumbani, binti yake alifunga kibanda chake cha mama lishe. Kila baada ya saa 4 alivuta mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kwa bomba la sindano, akampa mama mdomoni, kisha akaandika muda kwenye kalenda ukutani asije akachanganya. Alikuwa akimgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulala. Pampasi za wakubwa alinunua mwenyewe, nauli ya kufuata dawa mjini mwenyewe. Majirani walipita na machungwa, wakasema pole, wakaenda zao.

Washauri nao hawakukosekana. Shangazi mmoja alimwambia aiache mofini, eti ndiyo inayomaliza watu. Maneno haya nayasikia kila mahali na yanawatesa wagonjwa bure. Mofini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu ile ya kwanza ya mwaka 1977. Ikitumiwa kwa kipimo alichoandika daktari, haiui mtu. Kinachosumbua zaidi ni kufunga choo, ndiyo maana huandikiwa pamoja na dawa ya kulainisha. Mgonjwa aliyekesha kwa maumivu siku nyingi akipata usingizi, ndugu wanashtuka wakidhani anaondoka. Mara nyingi amelala tu, jamani.

Huduma hii ya kumtuliza mgonjwa maumivu na kumtunza inaitwa tiba shufaa, na Taasisi ya Saratani Ocean Road inaitoa. Wala si ya siku za mwisho peke yake. Inatakiwa ianze mapema, sambamba na matibabu mengine. Ila muuguzi wa hospitali hawezi kuja kulala kwako Segerea. Saa nane za usiku ni wewe na mgonjwa wako.

Katiba za vikundi vyetu karibu zote zinafanana: mwanachama anapewa akifiwa. Nitapeleka hoja tuongeze kifungu cha kuuguza. Daktari akishamwandikia mtu tiba shufaa, sehemu ya fungu la msiba itoke mgonjwa angali hai, iende kwenye nauli ya dawa, pampasi na chakula cha anayeuguza. Na tupange zamu za usiku. Hizo hazihitaji hata shilingi. Mwenyekiti wetu ameshaniambia huko ni kumtabiria mtu kifo. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi anajua hali yake, ananyamaza kwa kutuhurumia sisi tunaomficha. Hofu yangu mimi, kwa kazi yangu, ni vyeti vya kughushi. Kwa hiyo kamati imtembelee mgonjwa kwanza.

Hili la mwisho najua litachekwa. Yule mama alikuwa na paka aliyelala miguuni pake muda wote wa ugonjwa. Matanga yalipoanuliwa, mjomba alimtia paka kwenye kiroba akaenda kumtupa sokoni Buguruni. Mjukuu wa miaka 9 alilia kuliko alivyolia makaburini, akagombezwa: yaani unamlilia paka, bibi yako hukumlilia? Makaburini alikuwa ameambiwa anyamaze! Huyo mtoto alikuwa akiwalilia wote wawili. Kabla ya kugawa vya marehemu, iulizwe nani anamchukua mnyama. Na mbwa wako mlinzi akizeeka au kuugua, daktari wa mifugo yupo wa kumtuliza maumivu, au kumlaza kwa dawa afe bila maumivu pale isipobaki njia nyingine. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na bado tunawatupa jalalani.

Kama kuna kikundi Mbagala, Kigamboni au popote pale ambacho tayari kina kifungu cha kuuguza, naomba kiliandikie gazeti hili jinsi walivyokipanga, hasa kipengele cha nani anathibitisha ugonjwa. Mkutano wetu ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao.

Mweka hazina,
Tabata, Dar es Salaam