Leso ya Kukoholea

Busia, Jumapili jioni

Mwanangu Amina,

Shangazi yako kanipigia. Anasema tangu upasuliwe kujifungua na kutoka hospitali huko Kampala umeacha tembe za maumivu, eti zitaingia kwenye maziwa, na kutwa unalala chali bila kujigeuza. Nimeshindwa hata kula.

Kwanza tembe. Muulize mkunga leo hii. Parasetamo wanaonyonyesha huimeza, na maumivu yakizidi hata maziwa hushuka kwa shida. Haya ninayokueleza ni ya kusaidiana na dawa.

Nilipopasuliwa kumzaa kaka yako nililala hivyohivyo siku mbili. Hakuna aliyenieleza kitu. Tumbo likajaa gesi, likauma kuliko mshono wenyewe. Siku ya tatu kikohozi kikanijia, nikajua nyuzi zinakatika. Mama wa kitanda cha pili akakunja mara nne leso yake ya kujifunga, akailaza juu ya mshono, akanikandamizia viganja vyangu hapo. "Sasa kohoa." Nikakohoa. Iliuma, ila niliweza. Fanya hivyo ukikohoa, ukipiga chafya, hata ukicheka.

Kuamka nako kuna namna yake. Kunja magoti, geuka ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja, teremsha miguu, halafu jisukume kwa mkono, tumbo lisikaze. Tembea mpaka mlangoni urudi, mara kadhaa kwa siku. Gesi itatoka, na hatari ya damu kuganda miguuni itapungua. Maumivu yakipanda, weka mkono tumboni, vuta pumzi kwa pua mpaka mkono uinuke, kisha itoe polepole kwa mdomo kama unayepoza uji.

Mtoto usimlaze juu ya tumbo kumnyonyesha. Mpakate ubavuni, miguu yake ipite chini ya kwapa lako ielekee nyuma. Huyo anapiga mateke kama babu yake, atakutonesha.

Usibebe kitu kizito kumzidi mtoto. Jerikeni la lita 20 mwachie mumewe shangazi, na kama ataona haya kuonekana kisimani, shauri yake.

Homa ikipanda, mshono ukitoa usaha au harufu, damu ikitoka nyingi, mguu mmoja ukivimba au kifua kikibana, rudi hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku. Panda gari. Bodaboda na yale mashimo, hapana.

Nakuja Alhamisi na basi la asubuhi. Leso ya zambarau niliitia kwenye mfuko wa mtoto, chini ya nepi. Itumie hiyo, ni nene.

Mama yako