Barua ya Kufunga Muhula wa Pili: Magari Langoni Asubuhi

Kwa wazazi na walezi wapendwa,

Natumai barua hii itawafikia mkiwa salama. Ripoti za matokeo mtazipata kwa walimu wa darasa. Mimi ninawaandikia kuhusu jambo moja tu, kwa sababu limeninyima utulivu muhula mzima, nalo ni msongamano wa magari mbele ya lango letu hapa Buruburu kila asubuhi kabla ya saa moja na robo.

Mwezi wa Juni, nikiwa nimesimama na bawabu, mtoto wa Gredi ya 2 alishuka garini kwa mlango wa kulia, upande wa barabara, huku bodaboda ikipenya kando ya foleni. Mwendeshaji alifunga breki, pikipiki ikateleza, na mtoto akaruka nyuma akiacha kiatu kimoja mbele ya gurudumu. Hakuumia, lakini kile kiatu kidogo cheusi bado ninakiona.

Ni rahisi kuwalaumu madereva wa matatu, na hata mimi nimewahi kuwalaumu. Hata hivyo, mara nyingi chanzo ni sisi: mzazi anasimamisha gari njiani ili mtoto atafutiwe kitabu kilichosahaulika chini ya kiti, matatu iliyo nyuma inapita upande wa magari yanayokuja, na punde si punde pande zote mbili zimekwama hadi Barabara ya Mumias South. Gari dogo, pamoja na nafasi inayoachwa mbele yake, huchukua kama mita 6; kwa hivyo magari 50, mengi yakiwa na mtoto mmoja mmoja, ni foleni ya mita 300, ilhali watoto hao wangeenea katika basi moja la shule. Isitoshe, tangu Gredi ya 7 ilipoanza mwaka 2023 katika shule za msingi, zikafuata za 8 na 9, wanaopita lango hilo wameongezeka.

Kwa hivyo, kuanzia Muhula wa Tatu, ninawaomba msisimamishe gari kabisa mbele ya lango kuu. Watoto wadogo wateremshwe kwenye lango la nyuma, kwa mlango wa kushoto, begi likiwa tayari mgongoni. Wa Gredi ya 4 na kuendelea wanaweza kushuka mbali kidogo na kutembea, kwani walimu wawili watakuwa barabarani kuwavusha. Wanaotumia bodaboda, tafadhali, abebwe mtoto mmoja tu, akiwa amevaa helmeti. Familia tatu za Donholm tayari hupeana zamu ya kuwaleta watoto wao kwa gari moja, na ningefurahi sana kuona majirani wa Umoja wakifanya vivyo hivyo.

Wazazi walio tayari kusaidia kuvusha watoto, hata siku moja kwa wiki, wajiandikishe ofisini. Siku ya kufungua shule nitakuwa kwenye lango la nyuma kuanzia saa kumi na mbili na robo.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu