Kwa vijana wetu wa maghalani Ohio: ile miaka sita haipo tena

Wanangu,

Nawasalimu nyote mnaotoka shifti ya usiku hapa Columbus, na ndugu zenu wa majimbo mengine ambao mtawatumia barua hii. Naiandika juu ya ubaguzi kazini na muda wa kuushtaki, kwa sababu nilimponza mmoja wenu.

Mwaka 2022 kijana huyo alikuwa akifanya kazi katika ghala moja nisilolitaja. Msimamizi alikuwa akimwigiza lafudhi mbele ya wenzake, akawapandisha cheo watu waliokuja nyuma yake, na siku moja akamwambia waziwazi kwamba hapo Mwafrika hawezi kusimamia watu. Akaja kwangu. Nami, kwa kiburi cha mtu aliyekaa hapa muda mrefu, nikamwambia: "Tulia, mwanangu. Ohio unayo miaka sita ya kushtaki. Shika kazi kwanza, karatasi zako zikae sawa, ndipo udai." Alipofika kwa wakili, miaka miwili na miezi ilikuwa imeshapita. Wakili alimsikiliza vizuri, akamwambia amechelewa.

Bado ananiamkia shikamoo. Hilo ndilo linaloniuma.

Miaka sita ilikuwa kweli, zamani. Kuanzia tarehe 15 Aprili 2021 Ohio ilibadilisha sheria yake: muda ukashuka hadi miaka miwili, na huwezi tena kukimbilia mahakamani moja kwa moja. Lazima kwanza upeleke lalamiko katika Tume ya Haki za Kiraia ya Ohio. Kupeleka ni bure, na huhitaji wakili kuanza. Ukitaka pia kutumia sheria ya serikali kuu, ile Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kupitia EEOC, tume yao ya usawa katika ajira, hapa Ohio una siku 300 tu. Sheria hiyo inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 na zaidi. Ya Ohio inaanzia wanne.

Na msiazime kalenda ya binamu. Najua mnavyopigiana simu. Aliyeko New York atawaambia ana miaka mitatu, na ni kweli kwa yaliyotokea tangu tarehe 15 Februari 2024. Kabla ya hapo malalamiko mengi pale yalikuwa na mwaka mmoja. Wa Chicago, jimbo la Illinois, ana miaka miwili tangu Januari 2025, zamani zilikuwa siku 300. Wa Houston, masikini, sheria ya Texas inampa siku 180, isipokuwa unyanyasaji wa kingono, ambao tangu Septemba 2021 una siku 300. Nchi moja, bendera moja, na kila jimbo na saa yake. Wengine wanaongeza muda, sisi wa Ohio tulipunguziwa.

Kuna mtego mwingine. Wengi wenu mkishapeleka malalamiko kwa ofisi ya utumishi ya kampuni mnaona mmemaliza, mnakaa kungoja jibu. Kuwaambia ni vizuri, tena kwa maandishi, maana kukuadhibu kwa sababu umelalamikia ubaguzi ni kosa jingine kisheria. Lakini wao kuchunguza hakusimamishi siku zako. Wanaweza kukuambia "tunalishughulikia" hadi muda uishe, wala hawatakukumbusha.

Sisi tumelelewa kuvumilia. Subira huvuta heri, nami nimewafundisha hivyo wengi wenu. Basi vumilieni huku mnaandika: tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, nani alikuwepo. Andikeni katika daftari lenu nyumbani, si katika simu ya kampuni.

Bosi anayemfokea kila mtu si lazima awe mbaguzi. Huyo ni bosi mkali tu, na tume haitakusaidia kwake. Wanachotafuta ni kama umetendewa hivyo kwa ajili ya rangi, asili ya taifa lako, dini, jinsia, ulemavu, au umri wa miaka 40 na kuendelea.

Aliyefanyiwa jambo mwaka huu aje nyumbani Jumamosi, chai ipo. Asiyejua kujaza fomu nitakaa naye. Safari hii sitatoa tarehe kichwani mwangu; tutaisoma pamoja.

Mzee wenu,
Columbus, Ohio