Barua kwa Rehema, kuhusu jicho la Mama

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Bibi Mwanaidi na magoti yake vipi? Sisi huku Dar wazima, ila nina jambo la Mama, na ni refu kuliko la kusema kwenye simu.

Mama amegoma kurudi kuchomwa sindano ya jicho. Ya kwanza alichomwa alipokuwa kwangu, akarudi Tanga salama. Sasa kijana wa Mama Sele kamsomea mtandaoni kwamba ile bevacizumab ni dawa ya saratani. Basi! Anasema ana saratani na mimi namficha. Juzi kanikatia simu, na tangu hapo hapokei.

Rehema, usimwambie si kweli. Ni dawa ya saratani kweli, na akisikia tunakanusha hatatuamini tena. Mweleze yote.

Mwilini mna protini iitwayo VEGF. Kazi yake ni kuchochea mishipa ya damu iote. Sehemu ikikosa oksijeni huitoa, na mishipa ya karibu huchipuza matawi kuelekea huko. Mtoto hakui tumboni bila hiyo; vijusi vya panya vilivyopungukiwa nakala moja tu ya jeni yake kati ya mbili vilikufa kabla ya kuzaliwa. Hata kidonda hupona kwa msaada wake. Lakini sukari ya miaka yote hii imeharibu vijishipa vya nyuma ya jicho la Mama, retina, ule utando wa kuonea, inakosa oksijeni, inaimwaga VEGF kupita kiasi. Mishipa inavuja maji, pale pale penye kuonea herufi. Ikiachwa inaweza kuota mipya, dhaifu, ya kupasuka ovyo.

Uvimbe wa saratani nao hutumia protini hiyo hiyo kujivutia damu. Napoleone Ferrara na wenzake wa Genentech, Marekani, waliitenga mwaka 1989, baadaye wakatengeneza kingamwili ya kuikamata, ndiyo hiyo bevacizumab. Mwaka 2004 ikaidhinishwa kule kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, na muda si mrefu madaktari wa macho wakaanza kuitumia. Kinachokamatwa ni VEGF, iwe tumboni au jichoni. Tena mgonjwa wa saratani mwenye kilo 60 hupewa miligramu 300 au zaidi kwa dripu. Jichoni ni miligramu 1.25. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2013, kwa ajili ya macho.

Nilikuwepo siku ile. Walimtia matone ya ganzi, wakamzuia kope kwa kichuma, sindano nyembamba ikaingia pembeni kwenye weupe, mara imekwisha. Alisema amehisi kusukumwa tu. Na unakumbuka alivyoanza kulalamika? Alisema alif zinapinda. Mama yule, aliyetufundisha juzuu chuoni kwa fimbo ya mkwaju, anaona alif imepinda! Baada ya sindano akaniambia zimeanza kunyooka kidogo. Ndiyo maana naumia. Daktari alisema mwanzoni ni kila mwezi, na tarehe imeshapita. Haimtibu kisukari, na sukari lazima ashike, lakini akiacha maji yatarudi.

Wewe anakusikiliza. Nenda jioni, baada ya Magharibi, akiwa peke yake, Mama Sele asiwepo.

Je, jicho lenyewe likoje sasa, jekundu? Linamuuma? Kama linauma au anaona ukungu zaidi, nipigie hapo hapo, usingoje. Anasoma bado, au msahafu umekaa tu? Vidonge vya sukari anameza? Na nauli umpe wewe nikurudishie, au niitume kwako leo? Akikubali, mpandishe basi la asubuhi, nitampokea Mbezi.

Wako,
Zuhura