Mjomba, nimelifikia duka alikouzwa simba wa Kora

Shikamoo mjomba,

Naiandika barua hii hadharani kwa sababu najua wapwa zako walioko Nairobi, Muscat na Toronto wataisoma, nao walikaa kwenye jamvi lile lile wakikusikiliza habari za Kora, hifadhi ya wanyama iliyo kando ya Mto Tana nchini Kenya. Ulitusimulia kwamba mmoja wa simba wa George Adamson, yule mhifadhi aliyewarudisha simba porini, alinunuliwa dukani London, kama mtu anavyonunua kuku sokoni. Duka hilo nimelifikia Desemba hii. Linaitwa Harrods, liko Knightsbridge.

Huku msimu huu jua linatua kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo nilipotoka stesheni giza lilikuwa limeshaingia. Jengo zima linawaka kwa balbu zaidi ya 11,000, zimefuata kila ukingo wa madirisha hadi kwenye kuba. Watu wamesimama barabarani wakipiga picha, wengi wao hawana nia ya kununua chochote, na hakuna anayewafukuza.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kumbi za vyakula. Ndiyo asili ya duka lenyewe: Charles Henry Harrod, aliyeanza biashara mtaa huo mwaka 1849, alikuwa muuza chai na vyakula. Manukato na mikoba ya bei za kutisha vilikuja baadaye. Wakati wa Krismasi utakuta bata mzinga, bata bukini, pudini nyeusi zilizojaa zabibu kavu, na vikapu vya zawadi vilivyofungwa utepe. Muuzaji mmoja alikuwa akikata jibini kwa waya mwembamba. Akamega kipande, akampa bibi mmoja mzee, akangoja kimya mpaka bibi atikise kichwa kukubali, ndipo akaanza kupima. Kwenye chai nikakuta mchanganyiko wao maarufu wa No. 14, na Kenya imetajwa pamoja na Assam, Darjeeling na Ceylon. Nilisimama pale kwa fahari, mjomba, nikiwakumbuka wachumaji wa Kericho.

Lakini kilichonishika zaidi ni kuta. Ukumbi wa nyama umepambwa vigae vya msanii W. J. Neatby vya mwanzoni mwa karne ya 20, vyenye michoro ya uwindaji. Ukiwa na macho yaliyozoea pori, huwezi kutazama nyama ukaacha kutazama juu.

Duka hili limeonja misiba yake, na mikubwa ilikuja Desemba. Mwaka 1883 moto uliliteketeza wiki chache kabla ya sikukuu. Charles Digby, mtoto wa mwanzilishi, aliwaandikia wateja kuwaomba radhi kwamba mizigo yao itachelewa siku moja au mbili, na kweli Krismasi ile wakafikishiwa. Miaka 100 baadaye, Jumamosi ya tarehe 17 Desemba 1983, bomu la IRA, kundi lenye silaha lililopinga utawala wa Uingereza huko Ireland ya Kaskazini, lililotegwa ndani ya gari lililipuka mtaa wa pembeni, likaua watu 6, watatu wao polisi. Nilizunguka hadi upande ule nikawaombea.

Sasa nifike kwa simba wako. Mwaka 1969 Harrods walikuwa na idara ya wanyama, na ndani ya kizimba kidogo waliweka mtoto wa simba aliyezaliwa kwenye bustani ya wanyama ya Ilfracombe. Vijana wawili wa Australia, John Rendall na Anthony Bourke, wakamnunua kwa gini 250 (gini ni kipimo cha zamani cha fedha za Uingereza, zaidi kidogo ya pauni moja), wakamwita Christian. Waliishi naye Chelsea, kwenye duka la fanicha, wakimpeleka kukimbia katika kiwanja cha makaburi ya kanisa. Simba hakawii kukua. Mwaka 1970 akapandishwa ndege hadi Kenya, Adamson akampokea Kampi ya Simba, kambi yake huko Kora. Vijana wale walipomfuata mwaka 1971, alishuka polepole kwenye mawe akiwatazama, kisha akatoka mbio, akasimama kwa miguu ya nyuma na kuwakumbatia mabegani. Picha za siku ile zimezunguka dunia nzima kwenye intaneti, na mimi kila nikizitazama machozi hunilengalenga.

Hata hivyo, mjomba, mapenzi ya vijana wale hayafuti jambo lenyewe. Mtoto wa simba hakupaswa kuwekewa bei, wala kuwekwa kizimbani watu wapite wakimshangaa huku wakinunua zawadi. Uingereza ilipitisha sheria ya kudhibiti biashara ya wanyama walio hatarini mwaka 1976, na idara ile, iliyoendelea kuuza wanyama wa kufuga nyumbani, ilifungwa 2014. Nilifurahi kutoikuta. Wewe na wenzako mlilala njaa mkilinda wanyama, na Adamson mwenyewe aliuawa na majambazi huko huko Kora, Agosti 1989. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu nikipita katikati ya mataa yote yale.

Naomba unijibu mambo mawili. Christian ulimwona kwa macho yako, au ulihadithiwa na waliotangulia kambini? Na Adamson alipomwona mara ya mwisho, mwaka 1973, wenyeji walisema alielekea wapi, alivuka Tana? Binti yangu hanipi nafasi ya kupumua kwa maswali haya. Jumapili baada ya ibada tutakupigia simu ya video, tafadhali usiende shambani mapema.