Ukimya wa ofisi usimzuie mtumishi kukata rufaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie kasoro moja iliyomo katika kanuni za malalamiko na rufaa za watumishi wa vyuo vikuu, kasoro ambayo wengi wetu tunaofanya kazi huko tunaijua lakini tunaizungumzia pembeni tu: siku huhesabiwa kwa mtumishi anayelalamika, ilhali ofisi inayopaswa kumjibu haihesabiwi.

Mtumishi anayeona ameonewa, tuseme amenyimwa likizo anayostahili au jina lake limerukwa katika kupandishwa vyeo, huelekezwa aandike lalamiko lake ndani ya muda uliotajwa, kwanza kwa mkuu wa idara, kisha kwa mkuu wa kitivo au ofisi ya utumishi, na hatimaye akate rufaa kwenye kamati ya Baraza la Chuo. Akichelewa, lalamiko linaweza kutupwa bila hoja zake kusomwa. Sina ugomvi na ukomo huo, kwa sababu mashahidi huhama, kumbukumbu hupotea, na hakuna taasisi inayoweza kuishi na mashauri yasiyo na mwisho. Ninachopinga ni kwamba kanuni hizohizo, zikifika kwenye zamu ya mkuu wa idara, huacha kutaja siku na kusema tu kwamba atajibu mapema iwezekanavyo.

Madhara yake ni makubwa kuliko inavyodhaniwa. Rufaa hukatwa dhidi ya uamuzi. Pasipo uamuzi, kamati ya rufaa husema haina cha kusikiliza. Kwa hiyo mkuu anayemkatalia mtumishi kwa maandishi humwachia walau njia ya kwenda mbele, lakini yule anayeliweka jalada mezani na kunyamaza humfungia njia zote, tena bila kuvunja kanuni yoyote. Wanaoumia zaidi ni wenye mikataba ya muda, kwani mkataba unaweza kuisha lalamiko likiwa bado halijajibiwa, kisha mhusika akaambiwa kwamba si mtumishi tena na utaratibu wa ndani haumhusu. (Sijui ni mantiki gani inayolifanya kosa lililotendeka ndani ya mkataba life pamoja na mkataba.)

Haya si madai ya watu wasiopenda kazi. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Na. 130 la mwaka 1967 kuhusu uchunguzi wa malalamiko, lilitaka taratibu hizi ziwe rahisi na za haraka, na mfanyakazi awe na haki ya kulalamika bila kudhurika kwa kufanya hivyo. Mkataba Na. 158 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1982, unaohusu kuachishwa kazi, unampa mfanyakazi haki ya kukata rufaa mbele ya chombo kisichopendelea upande wowote, ingawa unakubali pia kwamba asiyeitumia haki hiyo ndani ya muda unaofaa anaweza kuhesabiwa kuwa ameiacha. Kama mfanyakazi anaweza kupoteza haki yake kwa kuchelewa, sioni kwa nini mwajiri aendelee kufaidika kwa kuchelewa kwake. Kwa upande wa wahadhiri na watafiti, Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 linakwenda mbali zaidi na kutaka anayefukuzwa aweze kukata rufaa kwenye vyombo huru vya nje ya chuo, kama vile wasuluhishi au mahakama. Mapendekezo hayalazimishi kama sheria, nakubali, lakini si heshima kwa chuo kinachofundisha sheria za kazi kuyapuuza katika ofisi zake chenyewe.

Pendekezo langu ni kwamba kila hatua iwe na siku zake zilizoandikwa, na siku hizo zikipita bila jibu, lalamiko lihesabiwe kuwa limekataliwa, ili mtumishi apande hatua inayofuata mara moja pamoja na jalada lake lote. Nimesikia hoja kwamba wakuu wa idara ni walimu wenye vipindi na mitihani ya kusahihisha, na kwamba wengi wao hushika nafasi hiyo kwa zamu tu. Hoja hiyo ina ukweli, na dawa yake ni kumruhusu mkuu aongeze muda mara moja, kwa barua yenye sababu, kabla siku za kwanza hazijaisha. Wengine wanaogopa kwamba kamati ya rufaa itazidiwa na mashauri, kana kwamba lalamiko lililokwama chini hutoweka lenyewe, wakati mengine huishia mahakamani, ambako gharama yake ni kubwa kwa pande zote.

Hofu nyingine, ambayo ni ya vyuo hasa, ni kwamba kamati ya rufaa itaanza kuamua nani anastahili uprofesa. Haipaswi kufanya hivyo. Ubora wa machapisho hupimwa na wanataaluma wa fani husika, na kamati ibaki na maswali ya utaratibu: je, watahini wa nje waliteuliwa kwa kufuata kanuni, taarifa zao zilifika, na mwombaji alielezwa sababu za kukataliwa? Pia aliyeshiriki katika uamuzi wa kwanza asiketi kusikiliza rufaa dhidi ya uamuzi huo, jambo ambalo lisingehitaji kuandikwa kama lingekuwa linafuatwa.

Mabadiliko haya hayahitaji bajeti mpya wala cheo kipya. Yanahitaji Baraza la Chuo liongeze aya mbili au tatu kwenye kanuni zilizopo, moja ikiwa ya kusema wazi kwamba lalamiko lililowasilishwa kabla mkataba haujaisha litasikilizwa mpaka mwisho.

Wako,
Mtumishi wa chuo kikuu