Kwa binamu yangu wa Bombo: anza na magurudumu ya chini

Binamu, asalaam aleikum.

Shangazi kanipigia simu kwamba umeshanunua nguzo za mkaratusi, na watoto hawalali wakiiwaza hiyo rola kosta, gari la kuteremka kwenye reli za vilima na mabonde, utakayowajengea nyuma ya nyumba kabla ya Idi. Nimefurahi mno. Nakuandikia hadharani kwa kuwa tangu watu waione ya kwetu hapa Tororo, si wewe peke yako unayeuliza.

Nasikia unachotaka kujua ni kimo, uipandishe mita ngapi. Nakuomba kimo ukiache kwanza. Niulize ni kitu gani kitakachoshikilia gari kwenye reli.

Gari letu la kwanza lilikuwa na magurudumu manne tu, yaliyokaa juu ya bomba za chuma. Lilianzia mita 2 kutoka ardhini. Katikati ya njia niliweka kituta cha mita 1.2, chenye mgongo mkali kama paa la nyumba. Tukapakia gunia la mchanga, nikaliachia. Lilishuka vizuri, likapanda kituta, na pale kileleni magurudumu yakaachana na reli. Gari lilitua kwa ubavu na gunia likapasukia kwenye nguzo. Mwanangu wa miaka 8 alikuwa amesimama kando yangu. Tangu asubuhi alikuwa akinililia apande yeye kwanza. Mpaka leo nikiukumbuka ule mchanga uliomwagika, tumbo linanikata.

Nilikaa wiki nzima na kalamu. Gari likishuka kutoka mita 2, chini linafika na mwendo wa karibu kilomita 22 kwa saa, apande mtoto mzito au mwepesi. Kileleni mwa kituta changu lilikuwa bado na kama kilomita 14. Sasa mgongo wa kituta ukiinama upesi kuliko gari linavyoweza kuanguka, gari hubaki hewani. Hesabu yake ni hii: pima kuanzia kimo cha mwanzo hadi kilele cha kituta, kisha zidisha mara mbili. Nusu kipenyo cha duara la mgongo kiwe zaidi ya hapo. Kwangu tofauti ilikuwa sentimita 80, kwa hiyo nilihitaji kuvuka mita 1.6. Nilikuwa na sentimita 90!

Bondeni ni kinyume chake, huko gari linakandamizwa. Kwa mteremko wa mita 2, bonde lenye nusu kipenyo cha mita 4 humfanya mtoto wa kilo 25 ajisikie kilo 50, na nguzo zako zinabeba uzito huohuo. Hapo ndipo uzipange karibukaribu.

Hata hesabu ikikaa sawa, usiiachie peke yake kazi ya kumlinda mtoto. Kule Marekani, LaMarcus Thompson alifungua rola kosta yake ya mwanzo, reli ya kuteleza, huko Coney Island, New York, mwaka 1884, ikienda kama kilomita 10 kwa saa. Mwaka 1919 John Miller akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya magurudumu yanayokaa chini ya reli, ili gari lisiweze kunyanyuka. Hayo ndiyo ninayokusihi. Kila kona ya gari iwe na gurudumu la juu, la ubavuni na la chini. Mafundi wa kuchomelea watakuambia ni kazi nyingi bure. Usikubali.

Halafu kuna upana wa reli. Unamkumbuka marehemu mjomba wako alivyokuwa akitembea kwenye njia ya reli na fimbo yake ya kupimia? Reli ile ya Mombasa hadi Kampala ilijengwa kwa upana wa mita 1, na mzee alikuwa haiamini mpaka aiguse mwenyewe. Mimi nilikata ubao wa sentimita 60, upana wa reli yangu, nikaupitisha kati ya bomba kila nusu mita kabla fundi hajachomelea. Kwenye kona bomba zilikuwa zimebanana kwa kidole kizima, na kwa macho huwezi kuliona hilo.

Bomba za plastiki za maji sizipendi kwa reli, jua letu huzifanya ziwe kavu zikavunjika. Nguzo zipake oili chafu sehemu inayoingia ardhini, mchwa wa Bombo unawajua. Mwisho wa njia uwe mpando mrefu, gari lijichokee lenyewe, na mtu mzima awepo wa kulidaka lisirudi kinyumenyume.

Kabla ya mtoto yeyote, gunia. Sisi tuliliteremsha mara 50, tukikagua kila nati baada ya kila safari kumi, kisha nikapanda mimi. Mwanangu alipanda siku ya tatu, amefungwa mkanda, na kelele aliyopiga majirani wa mtaa wa pili waliisikia.

Usichimbe shimo hata moja kabla sijafika. Ijumaa baada ya swala napanda basi, na fimbo ya mzee nakuja nayo.